Vitu Vilivyowekwa Kushoto kwa Bibi Otilia

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku bibi yangu Otilia alishika ungo mkononi, akaugeuza huku na huku, akaniuliza kitu hicho kinaitwaje. Ungo aliousuka mwenyewe.

Nilidhani ananitania. Mimi na yeye tulikuwa watani. Aliniita mke mwenza, akisema nimekuja kumnyang'anya babu. Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamtajia jina la ungo kwa Kingoni, akalisikiliza kama mtu anayetajiwa jina la mgeni, akasema, "Haya."

Ngoja nianzie nyuma kidogo, nisije nikakuacha njiani.

Baba yangu mdogo, Fridolini, alikuwa amesoma ng'ambo. Aliporudi hapa Songea, nyumbani kwetu Lizaboni, hakuja na baiskeli wala cherehani kama wenzake. Alikuja na kompyuta, zile za mwanzo za kuwekwa nyumbani, kibao cha herufi tu kinachochomekwa kwenye televisheni. Na televisheni yenyewe siku hizo huku kwetu haikuwa na cha kuonyesha, kwa hiyo kazi yake ikawa hiyo moja. Maneno yalihifadhiwa kwenye kaseti, zilezile za kusikilizia muziki.

Akawa anatafuta kamusi za kuweka humo. Aliwaandikia barua watu wa nje wenye mashine kama yake. Mmoja akamtumia kaseti yenye orodha ya maneno ya Kiingereza, mwingine ya Kiswahili, nayo nusunusu, imeishia herufi za katikati. Ya Kingoni hakuna aliyekuwa nayo. Akasema basi ataitengeneza mwenyewe, kutoka kwa mama yake. Mama yake ndiye Bibi Otilia.

Bibi alikuwa na utaratibu wake. Hakutaja neno hewani. Alitaka kitu chenyewe kiwe mkononi. Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, nimerudi kwetu kujifungua kama ilivyo desturi, basi nikawa wa kumletea vitu: mchi, kibuyu cha kuchotea, jembe lililolika, majivu kwenye kigae. Aliketi mkekani ukumbini, vitu vikiwa kulia kwake. Anashika kimoja, anakitaja, baba mdogo anabonyeza herufi zake, bibi anakiweka kushoto. Umeme ukikatika, tunasubiri.

Walipomaliza, baba mdogo aliitia kaseti kwenye redio aone kama imeshika. Haikutoa sauti ya mtu. Ilitoa mlio kama bati linalokwaruzwa na msumari, mlio usiopumua. Bibi akauliza hicho ni nini. Baba mdogo akamwambia kwa furaha kwamba ndiyo maneno yake yote ya siku ile. Bibi akasema yeye hajapata kulia hivyo.

Tangu hapo mambo yakaenda upande. Kilichowekwa kushoto, jina lake lilimtoka. Vya kulia alivijua vyote. Mchi aliuomba kwa kidole. Kibuyu akakiita "kile cha maji." Mimi mkaidi nikajaribu kumdanganya: nikachukua jembe lake kushoto, nikalirudisha kulia kimyakimya. Akalishika, akalitazama, akaniuliza nimelitoa nyumba gani.

Rundo la kushoto likakua. Watoto wa jirani wakaacha kupita upande ule wa ukumbi, wala hakuna aliyewakataza. Mimi mwenyewe nilifagia nikilizunguka.

Utasema ni uzee. Daktari naye alisema ni uzee, na mimi si wa kubishana na daktari. Lakini uzee ninaoujua hauchagui kulia na kushoto.

Sasa sikia tulivyokosea nyumba nzima. Baba mdogo alisema tusimsumbue mzee, maneno yapo, yamo kwenye kaseti. Alipenda kusema mali bila daftari huisha bila habari. Tukaona amesema kweli. Tukaacha kumuuliza. Tukaacha hata kumjibu kwa Kingoni. Tukawa tunamsemesha Kiswahili kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Mashine ilijaa, nyumba ikawa bubu.

Likabaki jambo moja. Katika ukoo wetu mtoto akizaliwa, mwanamke mkubwa kuliko wote humnong'oneza sikioni maneno ya ukoo: ametoka wapi, ni wa nani, aitike vipi akiitwa. Maneno hayo hayana kitu cha kushika mkononi. Bibi alikuwa wa mwisho kuyajua, na tumbo langu lilikuwa limeshashuka. Nilikuwa nikimtazama anavyokwama kwa chumvi na kijiko, nikijiuliza: mwanangu atamkuta na nini?

Baba mdogo alikuwa na hofu hiyohiyo, ila yeye alitaka ayawahi. Akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, haya ndiyo makubwa. Yakipotea tumepotea. Niambie tu, nitayaweka salama."

Bibi, ambaye asubuhi ile alikuwa ameshindwa kutaja kinu, akamjibu kwa Kingoni kilichonyooka:

"Fridolini, mbegu haitunzwi kwa kufungiwa, hutunzwa kwa kupandwa. Hivi vyote nilikuwa nakupa wewe, nawe hukuvipokea. Ulimpokelea huyo." Akakinyooshea kidole kioo cha televisheni. "Sasa huyo anavyo, na hana mdomo. Haya yanangoja sikio."

Baba mdogo akasema, "Lakini mama, mashine si mtu."

"Ndicho ninachokuambia."

Nilijifungua mchana, mvua imeshika. Bibi akaletwa. Alikuwa hanitaji tena hata jina. Baba mdogo akasimama mlangoni na redio yake ya kurekodia, na bibi alimwona. Akampokea mtoto mikononi, akageuka, nami pale nilipolala nikaogopa hofu ambayo sijaiogopa tena maishani: atamweka upande gani?

Akamlaza kulia.

Akainama. Akaweka kiganja kati ya mdomo wake na mlango, akayasema yote, polepole, bila kukwama hata mara moja. Mtoto aliyekuwa akilia akanyamaza, akakodoa macho. Mimi kichwa changu kilikuwa jirani, yakanipitia na mimi. Redio ilipata mvua tu. Baada ya hapo Bibi Otilia hakutamka neno la lugha yoyote hadi tulipomzika.

Mtoto yule ni Skolastika, anakaa Ruhuwiko. Binti yake Edina ndiye siku hizi ana wazimu wa Fridolini: anatafuta mtandaoni kamusi na orodha za maneno za kompyuta za kale. Kaseti zile alizikuta sandukuni, akampata mtu huko nje wa kuzifumbua. Juzi amekuja kunisomea kwenye simu. Yamo yote, kwa mpangilio uleule wa kutajwa. Alisoma moja, akanitazama, akasoma jingine. Mengine hata mimi siyajui tena yalikuwa ya nini. Yameandikwa safi kabisa, na hakuna aliye hai wa kuniletea kitu chake mkononi. Ilikuwa kama kusikiliza mtu anayebisha hodi, nyumba kwa nyumba, katika kijiji kilichohama. Nikamwambia azime.

Akaniuliza, "Na yale ya sikioni, bibi? Tuyaweke?"

Nikamwambia azae kwanza.

Mwanangu, sikukatazi mashine. Tafuta orodha hizo, zitunze, usiache kaseti ziliwe na ukungu. Lakini neno usilipeleke kwenye mashine kabla halijapita kinywani mwako. Mwache mzee wako akutume kwa lugha yake, ulete kisicho chenyewe, akuseme, urudi tena kuleta. Usimpunguzie kazi ya kusema ukidhani unampumzisha. Na siku utakapojisikia unasema "limeshahifadhiwa," simama hapohapo, umtafute mtu wa kumwambia.

Mungu akujalie masikio mapana. Akukalishe karibu na wazee wako wangali wanasema. Na wewe ukifika umri wangu, wajukuu wakuchoshe kwa kuuliza.