Leso, Nyimbo na Picha za Bi Nana

Lamis huandika programu za tovuti nyumbani kwao Magogoni. Bibi yake, Bi Nana, aliyekuwa mwimbaji wa arusi, alipofariki, jamaa walimwomba amtengenezee tovuti ya kumbukumbu.

Alianza na picha na nyimbo. Picha moja ina watu wengi, na mtu mmoja yumo katika picha nyingi. Basi kwenye hifadhidata, ghala la taarifa za tovuti, akaunda jedwali la kuunganisha picha na watu, na jingine la nyimbo na watu. Kisha shangazi yake Ruwaida akaja na leso.

"Lamis!"

"Abee, shangazi."

"Na hii uitie. Ndiyo sare waliyoimbia bibi yako na wenzake."

Lamis akaunda jedwali la tatu. Kikaja chetezo, kikaja na kinanda. Kila aina mpya ya kitu ilidai jedwali lake, na kurasa kuandikwa upya. Akachoka. Akayaondoa yote, akaunda jedwali moja tu la viungo: kila mstari una mtu, aina ya kitu, na namba ya kitu hicho. Lolote litakalokuja lingeingia humo.

Ila jedwali la namna hiyo halina mlinzi. Hifadhidata haikagui kama kitu chenye namba ile bado kipo, kwa hivyo Lamis alipofuta picha moja iliyofifia, kiungo chake kilibaki kikielekeza patupu. Jamaa walipokusanyika alasiri, ukurasa wa Bi Nana ukakataa kufunguka. Machozi yakamlenga Ruwaida.

"Hakijapotea kitu, shangazi, wallahi. Nipe dakika."

Akakiondoa kiungo kile, akaandika amri kwamba kitu kikifutwa, viungo vyake vyote vifutwe nacho. Ukurasa ukafunguka. Sauti ya Bi Nana ikajaa sebuleni.

Ruwaida akabofya leso, na majina ya wote walioivaa yakajitokeza.

"Nyale, mwitikiaji wao! Huyu si yuko Utange bado?" akauliza.

Jumapili wakaenda. Bi Nyale alikuwa amelala kitandani, hasemi sana siku hizi, binti yake alisema. Lamis akamwekea wimbo wa Bi Nana kwenye simu. Bi Nyale akasikiliza amefumba macho, na palipofika kiitikio, akaitikia, taratibu, bila kukosea neno.

Ruwaida akamshika mkono, akaimba naye.