Arbia na Vichujio Viwili vya Mashine ya Kahawa

Mwaka 1965, katikati ya vita vya serikali na waasi, watu wa Garissa walikuwa wamejifunza kuongea kwa sauti ya chini. Arbia binti Gelle hakujifunza. Alicheka mpaka mabati ya hoteli yake yakatikisika, akaita wateja kutoka ng'ambo ya barabara, akabishana na kila mtu. Hoteli yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili tu, kuta za udongo, mabenchi manne. Lakini ndani yake mlikuwa na kitu ambacho huwezi kukikuta popote kutoka Banissa mpaka Bura: mashine ya kahawa ya Kitaliano.

Mumewe Hared, dereva wa lori, aliinunua Kismayu kabla vita havijaanza, kwa Mtaliano aliyekuwa akifunga duka arudi kwao. Ilikuwa na tangi la kung'aa, na juu yake mkono mrefu wa chuma. Ukiuvuta mkono chini, maji ya moto yanaingia kwenye kahawa. Ukiuachia, springi inaupandisha polepole huku ikiyasukuma maji yapenye, na kahawa nzito inatiririka kikombeni. Umeme haukuwepo, kwa hiyo fundi mmoja aliipachikia jiko la mkaa chini ya tangi.

Kahawa yenyewe ilitiwa kwenye kichujio, kibakuli cha bati chenye vitundu vidogo kama ncha za sindano, ambacho hukaa ndani ya mpini wa mbao unaofungwa kwenye mashine kwa kuzungushwa. Mtaliano alitoa vichujio viwili: kidogo cha kikombe kimoja na kikubwa cha vikombe viwili. Arbia alikitumia kile kidogo peke yake. Vijiko viwili vya kahawa, anashindilia, anafunga, anavuta. Wateja walikunywa wakamwombea dua.

Kisha kichujio kidogo kikapasuka. Arbia hakujali. Akatoa kile kikubwa sandukuni, akatia vijiko vyake viwili kama kawaida, akavuta. Kikatoka kitu cha rangi ya udongo, chepesi, kichungu.

Mteja wa kwanza kukionja siku hiyo alikuwa Mzee Duale, dalali wa ngamia, mtu aliyekuwa hana kazi tangu serikali ifunge soko la mifugo. Alionja, akakiweka kikombe mezani kwa uangalifu mkubwa.

"Arbia binti yangu," alisema, "mto Tana upo hapo nyuma tu. Kama ningetaka maji yake ningekwenda mwenyewe."

Benchi zima likaangua kicheko. Arbia naye alicheka, lakini masikio yalimwaka moto. Hakuna aliyewahi kukirudisha kikombe chake. Akarudi kwenye mashine akisema moyoni kwamba kama kahawa ni nyepesi, basi iongezwe. Akajaza kichujio kikubwa mpaka ukingoni, akashindilia kwa kitako cha chupa, akaongeza tena, akashindilia tena. Mpini ulikataa kuzunguka mpaka mwisho. Aliulazimisha kwa mikono miwili, ukashika nusu. Akavuta mkono wa mashine, akauachia.

Paaa!

Mpini uliruka kama risasi, ukapita juu ya kofia ya Mzee Duale na kupiga mlango wa bati. Kahawa ikatapakaa darini, ukutani na usoni kwa Arbia. Wateja wote wakalala chini, maana mwaka ule ukisikia mlio ulilala kwanza, maswali baadaye. Kabla mvuke haujatulia, askari wanne walikuwa mlangoni na bunduki mkononi, wakiongozwa na koplo mrefu wa kutoka bara.

"Nani amepiga?" alifoka.

"Afande, usibige!" Arbia alisema, mikono juu, uso mweusi tititi, macho mawili tu yakimeta. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na kwa hofu kila p iligeuka b. "Si bomu. Ni kahawa, wallahi. Kahawa imekasirika."

Koplo alimtazama. Akautazama mpini pale chini, na Mzee Duale aliyekuwa bado kifudifudi huku ameshika kikombe chake wima. Mdomo wa Koplo ulianza kucheza, akaukaza. Hata hivyo kazi ni kazi. Alisema Inspekta atakuja kesho saa tisa, na kama mtambo ule utalipuka tena, utachukuliwa.

Arbia alijua neno hilo, kuchukuliwa. Ngamia wa kaka yake walichukuliwa mwezi wa Ramadhani na hawakuonekana tena. Alipowaona askari wamekwenda, aliosha uso, akaenda kumwita jirani yake Muslimo.

"Abaayo, dada yangu, kesho njoo mapema. Tutasoma kichuma hiki kama Kurani."

Asubuhi iliyofuata walijifungia ndani tangu jua lilipochomoza. Kahawa ilikuja na msafara wa malori mara moja kwa wiki, na kumwaga chochote kilikuwa dhambi, kwa hiyo kila jaribio ilibidi linywewe. Vijiko vitatu: nyepesi. Wakanywa. Vijiko vitano: mpini ulifunga kwa shida, na kahawa ikadondoka tone moja moja, chungu kama shubiri. Wakanywa. Ilipofika saa nne mikono ya Muslimo ilitetemeka, na alikuwa amesimulia harusi yake mara mbili, kwa kasi.

"Nyamaza kidogo, nione," Arbia alisema akicheka, maana naye moyo ulikuwa ukimwendea mbio. Alikuwa ameufungua mpini bila kuvuta maji. Juu ya kahawa kavu palikuwa na alama ya duara, na katikati shimo la kichwa cha parafujo iliyo juu, ndani ya mashine. "Tazama! Mashine imeikanyaga. Kahawa ikijaa sana inagusa juu, maji hayana pa kutua. Ndiyo maana jana ilinitemea."

"Na ikiwa kidogo?"

"Ikiwa kidogo inaogelea. Kichujio kikubwa kinataka shibe ya mtu mkubwa. Nilikuwa nampa jitu chakula cha mtoto, kisha nikamshindilia mpaka akatapika!"

Muslimo alicheka mpaka akakaa sakafuni. Arbia alichukua senti tano, ile ya tundu katikati, akailaza juu ya kahawa iliyoshindiliwa, akafunga mpini, akafungua. Senti ilizama ndani. Akapunguza kidogo. Ikazama nusu. Akapunguza tena, na safari hii senti ililala juu, imeacha alama hafifu kama ukucha. Vijiko vinne vilivyosawazishwa kwa kisu, wala si zaidi. Alivuta mkono.

Kahawa ilishuka nyuzi mbili, nyembamba, nyekundu kama hina, na juu ya vikombe likatanda povu la rangi ya dhahabu. Waliinama wote wawili wakainusa. Kisha Muslimo akapiga kigelegele ambacho bila shaka kilisikika kambini kwa askari.

Saa tisa Inspekta alifika na askari sita, akasimama nyuma ya pipa la mchanga nje ya mlango, kichwa tu kikionekana. Arbia alisawazisha vijiko vinne mbele yao kama anayepima dawa, akafunga, akavuta. Askari wawili waliziba masikio. Mashine ikapumua tu, fsss, basi. Inspekta alitoka nyuma ya pipa. Alinusa, akanywa, akafumba macho.

"Tia nyingine," alisema.

Kikombe cha pili kilikwenda kwa Koplo. Alikishika kama yai.

"Mama, kwetu tuna miti mia mbili ya kahawa," alisema taratibu. "Tunachuma, tunapeleka kiwandani, tunarudi nyumbani kunywa chai. Mimi sijawahi kuionja." Alikunywa. Akaanza kucheka peke yake. "Kumbe ndiyo hii! Baba yangu hajui anachouza!"

Inspekta alitaka kuvuta mkono wa mashine mwenyewe. Arbia alimpima kwa macho, akamwambia aweke kofia kando kwanza. Kisha Arbia aliandikiwa barua yenye muhuri kwamba mashine yake ni chombo cha jikoni, si silaha. Alimwomba Inspekta pia habari za ngamia wa kaka yake. Inspekta alitazama chini, akasema ataulizia, na Arbia alijua hataulizia. Lakini barua aliitundika ukutani.

Mwisho wa wiki Hared alirudi na msafara, akakuta fundi wa mabati akiziba kichujio kidogo na foleni imefika barabarani. Alimkuta mkewe amefunga vijiko viwili vya kupimia kwenye mashine kwa kamba, kimoja kwa kila kichujio, akimgombeza Mzee Duale aliyedai kahawa yake iongezwe kidogo.

"Haiongezwi!" alipiga kelele, akicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kaa chini, mzee. Safari hii mpini utakupiga wewe."