Mama amejibu vile nilimukataza

Leo ku ambasade, mama yangu amesema kitu chenye nilimukataza kusema.

Mama analima kahawa karibu na Butembo. Tulifika Kampala juu ya kuomba viza ya siku kumi na tano ya kwenda kwa wazungu. Mimi nilimufundisha: "Sema unaenda kutembea tu."

Bwana wa ku giche, ku dirisha ya viza, akamuuliza: "Unaenda kuona nini?"

"Ninataka kuona mutu mwenye anakunywaka kahawa yangu. Tangu ubinti ninauzisha, sijamuonaka."

Mon Dieu! Yule bwana akaangalia kikombe chake cha kahawa.

"Na ukishamuona?"

"Ninarudi kuvuna. Kama sirudi, mutakunywa nini?"

Akacheka, akapiga kashe, muhuri ya kukubali. Paspoti tutachukua kesho.

Sasa mama ananiuliza: huyo mutu tutamutafuta wapi? Mwenye anajua aniambie, ndeko zangu, ndugu zangu.