Viatu vya Goreti

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu. Mzee wangu akisikia hivyo atanuna, lakini ndivyo ilivyo. Ni siku ambayo Goreti, mwenzangu wa bwenini, alipanda kitandani bila viatu.

Wewe umerudi likizo, nakuuliza habari za chuo unanijibu "poa". Chakula unakigusagusa tu. Nikakuambia nenda kwa mshauri wenu wa chuoni, ukacheka, ukasema hao ni wa vichaa. Basi kaa hapo, chai bado ipo.

Nilishuka kutoka Kalinzi kuja kusomea ualimu hapa mjini, binti wa wakulima wa kahawa, Kiha kimejaa mdomoni na Kiswahili cha kuungaunga. Ilikuwa miaka ile Warundi wanakimbia vita, wanashukia Kagunga, kijiji cha ziwani karibu na mpaka, kwa mitumbwi. Goreti alikuja hivyo, peke yake. Shangazi yake, aliyekuwa amehamia Ujiji zamani, akamtafutia nafasi chuoni kwetu. Kitanda chake kilikuwa karibu na changu, na kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu, mimi ndiye niliyekuwa nasemeshana naye.

Alikuwa analala na raba zake miguuni, kamba zimefungwa barabara. Darasani anaandika vizuri, halafu ghafla kalamu inasimama, anatazama dirishani mpaka kengele inalia. Wengine walisema ana mapepo, wengine wakasema anaringa. Wenye huruma walimwambia "wihangane". Ni neno tunalompa aliyefiwa, maana yake pole, jikaze. Ni neno hilohilo tunalomwambia mtu asubiri kidogo. Goreti aliitikia kwa kichwa, akaendelea kufifia.

Chuoni alikuwepo mwalimu wa kuwashauri wanafunzi, Bi Zuhura, mwenyeji wa Tanga. Mama mnene, mpole, mwenye vicheko vya karibu, ila Kiha hakuwa anajua hata salamu. Alimwita Goreti, na Goreti akakataa kwenda bila mimi. Basi tukawa tunakwenda wawili. Bi Zuhura hakumhoji. Alitupa ungo wa mchele tuchambue, anatuhadithia mambo ya kwao, na mimi nafasiri pale Kiswahili kinapomshinda mwenzangu. Majuma yalipita hivyo. Moyoni nilisema huyu mama ametupata wa kumchambulia mchele.

Halafu usiku mmoja nikaona raba ziko chini ya kitanda, zimepangwa. Nilijifunika shuka nikalia kwa furaha, nikijua mwenzangu anarudi.

Tulipokwenda tena kwa Bi Zuhura, Goreti akasema mwenyewe, mikono ikiwa ndani ya mchele. Walipofika ziwani mtumbwi ulikuwa umejaa. Baba yake akampakia yeye, akabaki amesimama majini ameshika ubavu wa mtumbwi, akamwambia neno moja, kisha akaachia. Neno lenyewe hakulitaja. Aliishia hapo, akainama.

Bi Zuhura alikuwa analia. Alimshika mkono, na kwa upendo wake wote akatafuta neno la kumpa, tena la kwao, si la Tanga. Alikuwa amelisikia kwa wanafunzi bwaloni.

"Wihangane, mwanangu," akasema.

Mimi nilifurahi, mwanangu. Niliona amejitahidi. Goreti akainua uso, akamtazama, akasema, "Ndiyo, mwalimu." Usiku ule alivaa raba zake, na asubuhi kitanda kilikuwa kitupu.

Ujiji kwa shangazi hakuwepo. Bandarini Kibirizi, mwenye boti mmoja alituambia amemshusha Kagunga. Bi Zuhura, aliyeogopa maji kuliko simba, akapanda boti na mimi, ananing'ang'ania mkono njia nzima.

Tulimkuta ufukweni pale mitumbwi inapoegeshwa, anawasaidia akina mama kuanika dagaa. Akasimama kwa adabu. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Goreti, mbona umetukimbia?"

"Sijakimbia. Baba aliniambia wihangane, yaani nimsubiri, anakuja. Watu wote hapa wanalisema neno hilo, nikajua ni pole tu. Lakini wewe Kirundi hujui, mwalimu. Lilipotoka kinywani mwako nikajua ni yeye kakutuma."

Bi Zuhura alipiga magoti kwenye mchanga wenye magamba ya samaki. Alimweleza kwamba neno amelizoa bwaloni, kwamba hakutumwa na mtu, kwamba anaomba radhi. Goreti alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema "haya", kama unavyomwambia mtoto anayebisha, akageukia ziwa.

Wakati wa kurudi nilimwambia Bi Zuhura kwamba hakukusudia. Akanikemea kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Usinifariji. Alikuwa amekwisha kunifungulia. Ilitosha nikae kimya, au nimuulize alichoambiwa. Siku utakapokuwa mwalimu, mtu akilia mbele yako, usikimbilie kumnyamazisha."

Alirudi Kagunga mara nyingi mpaka alipohamishwa, na kila mara aliondoka huko bila Goreti. Mimi huenda huko mpaka leo. Goreti ana mvi sasa. Watoto wa pale wanamwita bibi wa mitumbwi. Kila chombo kikigusa mchanga anasogea, anatazama wanaoshuka, anarudi kukaa. Raba za zamani zilioza, wasamaria humpa nyingine, na kamba hazifungui. Nimemlilia mpaka nimechoka, na sina habari njema ya kukumalizia.

Kwa hiyo, mwanangu, sikudanganyi kwamba kila anayekwenda kwa mshauri anapona. Hata hivyo nenda, maana zile raba niliziona chini ya kitanda kwa macho yangu. Na mshauri ni mtu, anaweza kukuambia neno likakuchoma. Usiondoke nalo kimyakimya. Rudi umwambie, neno lako limeniumiza, tuanze tena. Na mwenzako akikufungulia moyo, acha kumwambia ajikaze. Muulize, kisha nyamaza umsikilize. Nami nikikuuliza habari, niambie mbaya kama ni mbaya. Mimi sitakufa.

Mungu akulinde huko uendako, akupe mtu wa kukungoja na usiwe wewe wa kungoja milele. Akujalie usingizi, mwanangu, ulale umevua viatu.