Siku Tulipofunika Matofali ya Kanisa

Enzi zetu sisi, kanisa lilinukia unga. Mliokulia kwenye kamji ketu, kando ya barabara ya kwenda Ngara, upande wa Biharamulo, mtanielewa. Wamethodisti wa kwanza pale walisali barazani kwenye mashine ya kusaga ya Mzee Hamisi, Mwislamu aliyezima injini yake kila Jumapili asubuhi hadi tumalize amina ya mwisho. Watoto tulikalia magunia ya mahindi, na tukisimama kuimba, magauni yote yalikuwa meupe kwa nyuma. Mama alinipangusa njia nzima ya kurudi nyumbani huku akilalamika, "Huyu kaenda kusali au kaenda kusaga?"

Upande wa kulia walikaa Wasubi, wenyeji wenye migomba. Kushoto tulikaa sisi Wasukuma, tuliohamia na ng'ombe wetu kutoka Shinyanga. Upande mmoja ukiitikia "Hareruya!", mwingine ulijibu "Haleluya!", na sisi watoto wa shule tuliojiona tunajua Kiswahili tulicheka mpaka tukafinywa.

Lakini kukaa pande mbili hakukuwa mchezo tu. Mwaka ule ng'ombe wetu walivunja ua wa Mama Editha, kiongozi wa akina mama wa upande wa kulia, wakala na kukanyaga migomba yake michanga. Baba alikwenda kuomba radhi, akapeleka na mbuzi. Mama Editha alimpokea mbuzi, ila hakumtazama Baba usoni. Tangu hapo ibada ilikuwa moja na salamu zilikuwa mbili.

Kisha Mzee Hamisi akapata mashine ya pili, na baraza likahitajika. Alikuja mwenyewe kutuambia, kwa upole, akatupa muda hadi mvua za vuli. Mwinjilisti wetu, Yohana, akatangaza kwamba mabati tumeahidiwa na wakubwa wa kanisa, ila litakalopewa ni kusanyiko lenye kuta tayari. "Tukichelewa yataenda kwa wenzetu," alisema, "na sisi sijui tutasalia wapi."

Kiangazi kile tulijenga hasa. Tukitoka shule tulishuka bondeni kuchota maji, ndoo kichwani, jani juu ya maji yasimwagike. Wanaume walikanyaga udongo, akina mama wakaujaza kwenye kalibu, vile visanduku vya kufyatulia, na kupanga matofali juani kwenye kiwanja kilichopakana na shamba la Mama Editha. Mchana sisi tulikula michembe, vile viazi vitamu vikavu, na karanga kivuli hiki, wenzetu ndizi na maharage kivuli kile. Harufu ya maharage yale ilinitesa kuliko ndoo za maji.

Jumamosi moja, matofali yamekauka na yanasubiri tu kupangwa tanuru, wingu jeusi likapanda kutoka upande wa ziwa. Hakuna aliyelitegemea mapema vile. Upepo ukapeperusha nyasi tulizokuwa tumefunikia. Mwinjilisti Yohana alitoka mbio peku, akipiga kelele, "Matofali! Jamani, matofali!"

Mama Editha alikuwa ameshasimama shambani kwake na panga mkononi.

"Baba Kabula!" Hakuwa amemwita baba yangu tangu kisa cha ng'ombe. "Lete watu wako wakate majani. Kateni yote!"

Baba alisita. "Yote, Mama Editha? Migomba itaumia."

"Migomba itachipua! Hayo matofali yakiyeyuka yatachipua?"

Baba akaingia shambani. Wasukuma na Wasubi walikata majani, watoto tukayaburuta hadi kiwanjani, utomvu ukitutia madoa ambayo hayakutoka tena kwenye gauni langu. Mama akavua kitenge chake cha juu akakitandaza. Mzee Hamisi akaja na turubai la mashine begani, anahema, anaamrisha kama fundi mkuu: "Upande wa juu kwanza! Maji yatatokea huko!" Mvua ilipoanza kumwagika, watoto tulilalia kingo za turubai ili upepo usilibebe. Nilikuwa nimelowa chapachapa na natetemeka, na sijawahi kujiona mkubwa kama siku ile.

Ilipokatika, Mwinjilisti akainua jani moja, kisha la pili. Akapapasa. "Makavu," alisema. Mstari wa pembeni tu ndio uliogeuka tope. Mama Editha alilitazama shamba lake lililobaki vigogo vitupu, akacheka hadi akakaa chini. Kisha akamwita Baba, akamwita Mama, akaniita na mimi: "Kabula, njoo ule." Tulikula maharage yake kwenye sinia moja. Na siku mabati yalipopanda, hapakuwa tena na kulia wala kushoto. Hareruya na Haleluya zilitoka kwenye benchi moja.

Leo kanisa letu lina vigae na vipaza sauti. Vijana wanachangia kwa simu bila kuchafua hata kidole, kisha wanajipiga picha madhabahuni. Kwaya yao ina sare za kila msimu, lakini umeme ukikatika, wimbo nao unakatika. Siwalaumu. Wamelikuta limesimama.

Ila mgeni akija anaulizia nani alilifungua, na hakuna anayemwambia habari za waliolikinga lisiyeyuke. Baba hayupo, Mama Editha hayupo, Mzee Hamisi naye hayupo. Sisi wachache tuliobaki, tukikutana mlangoni Krismasi, mvi kichwani na magoti yanalalamika, tunamnong'oneza ambaye hatumkumbuki vizuri: "Wewe siku ile ya mvua ulikuwepo?"

Na aliyekuwepo, kabla hajajibu, utamwona ananyoosha mgongo.