Breki za mafuta: mineral au DOT? Nilipata jibu nikishuka Ngomo

Wakuu, amani kwenu na kwa wote mnaokaa kwenye miteremko.

Nimesoma uzi wa juzi mkibishana breki ipi ya diski ni bora kwa baiskeli ya milimani. Nilitaka kujibu kwa mistari miwili nikashindwa. Ninayo hadithi, na ni ya kweli, imetupata mimi na mke wangu.

Nijitambulishe kidogo. Naishi Bukavu, Kadutu, mahali ambapo hata kwenda kununua mkate ni kushuka au kupanda. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma kuona kama umefunga kweli. Mke wangu, Mama Asifiwe, ni kinyume changu kabisa. Yeye akiona mteremko anatabasamu.

Tuna baiskeli mbili za mountain, mitumba ya Ulaya, alituletea shemeji yangu. Zote zina breki za diski zinazotumia mafuta badala ya waya. Hapo ndipo wengi wanafikiri mambo yameisha. Hayajaisha.

Yangu ina pistoni nne kwenye kile kichwa kinachobana diski, na inatumia DOT, mafuta yale yale ya breki za gari na pikipiki. Ni ngumu kidogo mkononi, lakini ukibonyeza inashika kama mama aliyemkamata mtoto sokoni. Ubaya wake, DOT inakula rangi ya baiskeli ikimwagika, na inanyonya unyevu wa hewa. Kwa mvua zetu unatakiwa kuyabadilisha mara kwa mara.

Ya mke wangu ina pistoni mbili, inatumia mineral oil. Laini sana. Kidole kimoja kinatosha, ndiyo maana anaipenda. Mafuta yake hayanyonyi maji, hayachomi ngozi, unaweza kukaa nayo muda mrefu bila kuyagusa. Shida ni moja tu: hapa mjini sijawahi kuyaona dukani. Yakipungua unamsubiri shemeji.

Kwenye karatasi, ya mke wangu ndiyo ilikuwa inashinda. Mimi mwenyewe ningewashauri hivyo.

Sasa sikilizeni.

Dada yake mke wangu anaishi Sange, kule kwenye tambarare ya Ruzizi. Alikuwa anabatiza mtoto Jumapili, na Mama Asifiwe ndiye mama wa ubatizo. Akasema tuende Jumamosi kwa baiskeli. Nikamwambia kuna magari. Akaniangalia tu, nikaenda kupaka mnyororo mafuta.

Kwa wasioijua njia hiyo: ukitoka Bukavu unapita Nyangezi, halafu unafika Ngomo. Ngomo ni mlima ambao barabara inaushuka kwa kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine korongo. Malori yanapanda pole pole huku yanaunguruma. Usiku mzima kabla ya safari nilikuwa naota zile kona.

Tulipita Nyangezi vizuri. Ila mke wangu akawa analalamika.

“Papa Asifiwe, hii kinga leo iko nzito. Njo kusema siku hizi nazeeka?”

Kinga ndiyo baiskeli kwetu. Nikamjibu ni mzigo. Alikuwa amefunga nyuma kitenge cha zawadi na ndizi za njiani. Nikaona nimejibu vizuri, tukaendelea.

Juu kabisa ya Ngomo mimi husimama. Ni lazima. Nabonyeza breki zangu, nakaza kamba za mzigo, nasali kidogo. Mama Asifiwe hana subira na mambo hayo. Akasema atanisubiri chini, akaondoka. Nikamwona akiinamia kona ya kwanza, kitenge kinapepea, akapotea.

Nikiwa bado nakaza kamba, simu ikalia. Ni Tonton Bahati.

Tonton Bahati ni mjomba wa mke wangu, ndiye aliyemlea, na bado anamwita kwa jina lake la utotoni, Nsimire. Alikuwa dereva wa malori miaka mingi, sasa ana pikipiki yake. Na kwetu ndugu hasafiri mbali kabla ya mzee aliyewahi kushika usukani kukigusa chombo chake. Anapiga magurudumu teke, anafungua hapa na pale, anaongeza mafuta. Ni baraka yake kwako. Hakuna anayekataa.

Akaniuliza habari za breki kwa sauti ya furaha:

“Ma frein ya Nsimire inashika muzuri? Mercredi nilipita kwenu, mulikuwa ku chorale. Nikafungua kale kasanduku ka huile ya frein, nikakuta haijaye. Nikaongeza ya moto yangu. Ya bien, siyo ya kuchanganya na maji.”

Kweli Jumatano ile tulikuwa kwaya, na moto ndiyo pikipiki yake. Nikamuuliza, zote mbili, Tonton? Ya mbele na ya nyuma?

“Ya nyuma tu. Ya mbele vis ilikatala kufunguka.”

Wakuu, kwa asiyejua: ukitia DOT kwenye breki ya mineral, vimpira vya ndani vinavimba. Siyo siku ile ile, ni taratibu. Pistoni zinaanza kukwama, pedi zinakuwa zinagusa diski hata hujabonyeza. Ndiyo maana ilikuwa nzito. Tena kale kasanduku hakajazwi mpaka juu, maana mafuta yakipata moto yanatanuka. Tonton alikajaza kama kikombe cha mgeni.

Nilimwambia asante Tonton, nikakata simu. Sijui kwa nini nilisema asante. Mdomo ulisema wenyewe.

Nikampigia mke wangu. Ikaita, ikaita. Simu iko ndani ya mzigo, chini ya ndizi.

Nikashuka.

Siwezi kuwaeleza ule mteremko vizuri kwa sababu sikuuona. Niliona korongo tu. Kila kona nilikuwa naangalia kule chini kwanza, natafuta rangi ya kitenge, halafu ndiyo naangalia barabara. Nilikuwa najisemea, asiwe huko, asiwe huko. Nilikuwa namfikiria Asifiwe, tuliyemwacha kwa bibi yake, na maneno ambayo ningemwambia. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Nikafika kwenye lori lililosimama linapozwa injini. Nikawauliza kama wameona mama mwenye baiskeli.

“Alipita, Papa,” dereva akasema. “Alikuwa anaenda mbiyo. Roue yake ya nyuma ilikuwa inatosha moshi.”

Moshi. Gurudumu la mke wangu linatoa moshi. Nikaendelea.

Baada ya kona kadhaa nikaona baiskeli imelala barabarani, kando kabisa, upande wa korongo. Peke yake. Gurudumu la nyuma juu.

Nilishuka yangu ikiwa bado inatembea, ikaanguka huko. Nikakimbia mpaka ukingoni, nikachungulia. Majani tu.

Halafu nikasikia nyuma yangu:

“Unatafuta nini huko?”

Alikuwa amekaa upande wa ukuta wa udongo, kwenye kivuli, anakula ndizi.

Nililia, wakuu. Siwafichi. Nililia malori yanapita.

“Njo ukule ndizi,” akasema. “Mimi nilikuwa nashuka muzuri. Ni kinga ndiyo ilikatala. Roue ya nyuma ilikamata, nikasikia inakokota, nikaweka miguu chini. Sasa haizunguke hata kidogo.”

Kumbe breki iliposhika moto, yale mafuta yaliyojazwa mpaka juu yakakosa pa kutanukia, yakaibana diski yenyewe. Gurudumu likafungwa. Kama Tonton angefanikiwa kufungua ile skrubu ya mbele, gurudumu la mbele ndilo lingefungwa. Hapo mke wangu angeruka juu ya usukani, na upande ule ni korongo. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo.

Baiskeli zilipanda lori la mihogo, nasi pia. Sange tulifika, mtoto akabatizwa.

Jioni ile Tonton akapiga tena kuuliza safari. Mama Asifiwe akachukua simu kabla yangu. “Tulifika, Tonton. Wanakusalimia huku.” Basi. Nikamuuliza kwa nini hamwambii. Akasema mzee akijua hatagusa tena chombo cha mtu, na atakaa nyumbani akijiona amezeeka.

Tuliporudi niling'oa breki ile yote. Haioshwi ikapona, msidanganywe, vimpira vimeshavimba. Shemeji akauliza atume ipi, kuna mineral mpya nzuri, nyepesi, inasifiwa sana.

Nikamwambia atume ya DOT, ya mbele na ya nyuma.

Najua wataalamu humu mtanicheka. Mtaniambia kuhusu unyevu, kuhusu rangi, kuhusu kuandika onyo juu ya kifuniko. Niliwaza kuandika. Lakini Tonton havai miwani, na hawezi kuacha kubariki safari zetu. Mimi pia sitaki aache.

Kwa hiyo kabla hujanunua, usiulize tu pistoni ngapi na diski ya ukubwa gani. Uliza mafuta gani yapo kwenye mikono ya watu wako.

Juzi alipita tena tukiwa hatupo. Nilikuta kifuniko cha breki ya mke wangu kina alama za vidole vya mafuta. Nikafungua, nikapunguza kidogo, nikafunga. Usiku ule nililala.

Uwanja ni wenu. Kwenu huko, mtu anayewapenda akifungua breki yenu bila kuwaambia, atamimina nini?