Mawe Meupe Kwenye Uwanja wa Gofu

Mwaka wangu wa nne Garissa, niliamini kwamba gofu ndiyo itakayonirudisha nyumbani. Mchezo wenyewe sikuujua. Nilikuwa msimamizi wa mafundi katika ofisi ya ujenzi ya serikali, mtu wa saruji, mabati na mabomba, na fimbo ya gofu nilikuwa sijawahi kuishika.

Nyumbani ni pwani, upande wa Malindi. Mke wangu alikuwa huko na binti yetu, aliyezaliwa mwaka uleule nilioletwa Garissa. Likizo nilikwenda mara moja kwa mwaka, mara mbili nikibahatika, kwa sababu basi lilisubiri askari wa kulisindikiza na siku nyingine halikuondoka kabisa. Idd ya mwaka ule nilifika mlangoni na mfuko wa tende mkononi. Mtoto akanichungulia kutoka nyuma ya mama yake, akasema, "Shikamoo, mjomba." Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikaenda uani nikajifanya natafuta maji ya kutawadha. Iliniuma sana, na sioni sababu ya kulificha hilo sasa.

Niliporudi kazini niliandika barua ya kuomba uhamisho. Mkuu wangu, mhandisi wa kutoka bara ambaye hasira zake hazikukaa mbali, aliisoma mara mbili, akaitia kwenye droo ya meza yake. Kisha akaniambia habari za uwanja.

Nyuma ya klabu ya watumishi wa serikali palikuwa na kiwanja kitupu kilichoitwa cha gofu. Si cha kuchezea gofu yenyewe, bali cha kujifunzia kupiga: unasimama mahali pamoja, unapiga mipira kwenda mbele, basi. Wanachama walisimama juani karibu na ukuta, wakapiga mipira mitano sita kuelekea kaskazini kwenye miti ya miiba, wakarudi ndani kunywa soda. Mkubwa wetu wa Nairobi, mpenzi wa gofu wa kupindukia, alitarajiwa kututembelea baada ya wiki sita.

"Pafanye mahali pale mtu apapende," mkuu wangu akasema. "Akifurahi yeye, barua yako naitia sahihi siku hiyohiyo." Akaigonga droo kwa kidole.

Kabla ya kugusa kitu, nilikaa jioni mbili nikiwatazama wapigaji. Daktari wa hospitali, ambaye alikuja kila siku na hakuwahi kuonekana akifurahi, aliniambia shida yake. "Sijui kama nimepiga vizuri au vibaya. Mpira unaanguka mchangani na mimi nabaki na jua langu." Nikaona hapo ndipo pa kuanzia. Mtu akipewa kitu cha kulenga, atasahau hata jua.

Nikakusanya mawe, nikayapaka chokaa, nikayapanga nusu duara tatu: ndogo karibu, ya kati mbele yake, na kubwa kabisa mbali, pana kama chumba cha wageni. Uwazi niliuelekeza kwa mpigaji na mgongo wa nusu duara nikauelekeza mbele, ili mpira ukiingia ukibingirika uzuiwe na mawe. Ndani yake nikaondoa miiba na kufagia mchanga mpaka ukawa laini. Niliridhika. Hata mke wangu nilimwandikia kwamba kazi inakwenda vizuri.

Siku ya tatu, wakati wa alasiri, wakaja wafugaji kutoka upande wa Ijara wakipeleka ng'ombe mnadani. Siku zote walipita pale. Karani wa benki alikuwa amekwisha kuinua fimbo yake. Mzee aliyetangulia akasimama mbele ya ile nusu duara kubwa, akaitazama, akavua ndara, akalaza bakora yake chini na kuingia. Wenzake wanne wakajipanga nyuma yake. Mmoja akabaki na ng'ombe. Karani akaishusha fimbo polepole.

Njia ya Habaswein, njia ya Liboi, kote nilikuwa nimeyaona mawe kama hayo na sikuyakumbuka. Wasafiri wa huko wakitaka kusali hupanga mawe chini, sehemu ya mbele wakaipinda kuelekea kibla, wakafagia ndani. Huo ndio msikiti, na hubaki hapo kwa atakayepita kesho. Nilikuwa nimesali humo mwenyewe, safarini, zaidi ya mara moja. Na Garissa kibla iko kaskazini. Miaka minne nimeelekea kaskazini mara tano kwa siku, kisha nikajenga misikiti mitatu na kuwaambia watu wailenge kwa mipira.

Walipomaliza, mzee alikuja kunisalimu. Tukaulizana hali, ya nyumbani na ya mifugo, kama ilivyo ada.

"Nani iko weka hii mawe?" akauliza.

"Ni mimi, adeer," nikamjibu, nikimwita baba mdogo kwa lugha yake.

"Allah atakuliba. Siku mingi sisi nabita hapa, miiba tupu. Sasa iko fizuri." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Nilipaswa kumwambia ukweli. Nilisema amin.

Nilipomwambia mkuu wangu kwamba mawe yale yamegeuka msikiti, hayawezi kulengwa tena, hakutaka maelezo marefu. "Uliyaweka wewe, yaondoe wewe. Ni mawe tu." Kesho yake saa nane na nusu nikaenda na toroli. Zile nusu duara mbili ndogo nilizibomoa bila shida, hakuna aliyekuwa amesali humo. Nilipofika kwenye ile kubwa nikakuta alama za magoti, na mbele yake alama za vipaji vya nyuso, zimekaa vilevile mchangani. Upepo haukuwa umezigusa. Nikainua jiwe moja. Nikasimama nalo. Nikalirudisha mahali pake, sawasawa na alama yake.

Nilimkasirikia yule mzee, ambaye hakunikosea lolote. Angepita mbali kidogo, mwanangu angekuwa na baba. Ndivyo nilivyowaza, na ni mawazo ya mtu aliyepigwa na jua, lakini yalikuwa yangu. Nikageuza toroli nikaikalia, uso kwenye klabu, na hapo ndipo nilipoona kivuli. Jua lilikuwa limeanza kuelekea magharibi na jengo lilikuwa linatupa kivuli chake upande wa mashariki, upande ambao hakuna aliyewahi kusimama. Miaka yote ile watu walikuwa wakiungua hatua ishirini kutoka kwenye kivuli.

Nikaugeuza uwanja. Badala ya kupiga kaskazini, wakapiga mashariki, jua mgongoni, mpira ukionekana mweupe mpaka unapotua. Msikiti wa mawe ukabaki kando, salama. Nikanunua kwa akina mama sokoni mikeka migumu ya kuezekea vibanda vya kuhamahama, ikawa ya kusimamia. Vipande vya mpira wa tairi vikawa vya kuwekea mipira. Kutoka yadi ya ofisi nikachukua mapipa matupu ya lami, nikayapaka rangi mbalimbali na kuyasimamisha, moja karibu, mengine mbali zaidi na zaidi. Mpira ukigonga pipa, lililia mpaka barabarani. Ua wa miiba wa kuzuia mbuzi nilifundishwa kuupanga na wafugaji wenyewe, maana wa kwangu mbuzi waliuona kama chakula.

Sikutarajia kilichofuata. Daktari aligonga pipa la njano akacheka, mara ya kwanza mimi kumwona akicheka. Wauguzi wakaanza kuja, kisha walimu. Wafugaji nao, wakishasali alasiri, walikaa nje ya ua na chai yao ya maziwa ya ngamia, wakiwatathmini wapigaji kwa Kisomali. Aliyekosa alichekwa bila huruma. Mkuu wangu alichekwa kuliko wote, na kila siku alirudi.

Mkubwa wa Nairobi alikuja kwa saa moja akakaa mpaka adhana ya magharibi. Pipa jekundu, lililokuwa mbali kabisa, alilipata kwa mpira wa tisa. Wazee nje ya ua wakamwinulia vikombe. Nilimwona akiuliza jambo na mkuu wangu akinielekezea kidole. Usiku ule nilifua shati langu jeupe.

Asubuhi mkuu akaniita. Barua yangu ilikuwa juu ya meza, na kalamu kando yake.

"Mkubwa amefurahi kupita kiasi," akasema.

"Alhamdulillahi."

"Ameuliza ni nani amepatengeneza pale, nikamwambia. Akasema mtu kama huyo nisimwachilie aondoke." Akaikunja barua, akairudisha kwenye droo. "Ukienda wewe, nani atapatunza? Mwakani tutaona."

Nikasema, "Sawa, bwana mkubwa." Nimesema mengi ya kipumbavu maishani, lakini neno hilo ndilo ninalolijutia zaidi.

Kwa kuwa mimi sikwenda, mke wangu alikuja, shule zilipofungwa, siku mbili njiani na mtoto mapajani. Jioni ya pili nikawapeleka uwanjani, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pazuri pa kuwaonyesha. Mtoto alisimama mbele yangu juu ya mkeka. Nikaifunika mikono yake kwa yangu kwenye fimbo, tukapiga pamoja. Mpira ulikwenda chini chini, ukadunda mara mbili, ukaligonga pipa la karibu, nalo likalia.

Akageuka kunitazama, macho yamemtoka kwa furaha.

"Tena, mjomba," akasema.

Mama yake alifungua mdomo amsahihishe. Nikamzuia kwa mkono, nikainama kuweka mpira mwingine.